UZI: "Hiyo sehemu si yangu" – jibu linaloangusha vikundi vingi siku ya kuwasilisha mradi wa mwisho

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Msimu wa kuwasilisha miradi ya mwisho umekaribia, na kila unapokaribia narudi kwenye dakika chache za maisha yangu ya chuo ambazo bado naziona kana kwamba ni jana.

Tulikuwa sita kwenye kikundi. Mradi wetu ulikuwa mfumo wa kumwezesha mwanafunzi kuweka nafasi ya chumba cha kujisomea maktabani bila kupanga foleni. Mfumo ulifanya kazi, ripoti ilikuwa nene, slaidi zilipendeza. Tulisimama mbele ya watahini watatu, tukapokezana, tukamaliza ndani ya muda. Nikashusha pumzi.

Mtahini aliyekaa katikati, mtu mpole kabisa, akamgeukia mwenzetu aliyesoma utangulizi: "Mmesema baadhi ya waliojaribu mfumo wenu waliishia njiani bila kukamilisha kuweka nafasi. Waliishia hatua gani, na kwa nini?"

Mwenzetu akatazama chini. "Hiyo sehemu si yangu."

Mtahini akaandika kitu kwenye karatasi yake, akamwuliza mwingine jinsi tulivyowapata watu wa kujaribu mfumo. "Hiyo aliifanya mwenzangu." Wa tatu nilikuwa mimi. Niliulizwa kwa nini tulitumia dodoso badala ya kukaa na watumiaji na kuwatazama wakitumia mfumo. Nikamgeukia aliyesimama kushoto kwangu.

Tulifaulu, ila alama hazikufanana na usiku tuliokesha. Maoni ya jopo yalikuwa mstari mmoja: "Wanakikundi hawaijui kazi ya wenzao." Na ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeisoma sehemu yangu mara zisizo na idadi, za wenzangu sikuwahi kuzifungua.

Baadaye nilipata kazi ya kufundisha, nikaanza kukaa upande ule mwingine wa meza. Jibu lile nimelisikia tena na tena, kutoka kwa vijana wenye akili na bidii. Ndiyo maana nimefungua uzi huu. Nitaushusha vipande vipande, maswali ulizeni popote.

#2 Mwanzisha uzi

Nianze na kosa linalofanyika wiki ya kwanza kabisa, wakati hakuna anayefikiria siku ya kuwasilisha.

Kikundi kinakutana. Mmoja anasema, "Tugawane: wewe utangulizi, wewe mapitio ya maandiko, wewe mbinu, wewe matokeo, mimi hitimisho." Wote wanakubali, mkutano unaisha mapema, kila mtu anaondoka ameridhika. Siku hiyohiyo mradi umekatwa vipande ambavyo havitaungana tena, kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kuviunga.

Kugawana kazi hakukwepeki, sisemi msigawane. Tatizo ni kugawana kwa sura za ripoti. Anayeandika hitimisho hana cha kuhitimisha kama hakuwepo data zilipochambuliwa. Anayeandika mapitio ya maandiko anasoma mambo ambayo huenda mwenye dodoso hakuyauliza kabisa. Gawaneni kwa shughuli, kisha kila shughuli iwe na watu wawili: mmoja anaifanya, wa pili anaikagua na kuweza kuieleza. Mkiwa sita, kila mmoja anakuwa na shughuli anayoifanya na nyingine anayoikagua. Hapo tayari kila swali lina watu wawili wa kulijibu.

Kuna jambo watafiti wameliona zamani. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alichapisha mwaka 1913 matokeo ya majaribio ya watu kuvuta kamba. Kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo nguvu ya kila mmoja ilivyopungua, kiasi kwamba wanane walivuta karibu nusu tu ya kile ambacho nguvu zao zingefikia kama zingejumlishwa mmoja mmoja. Sehemu ya upungufu huo ni kutovuta kwa wakati mmoja. Lakini mwaka 1979 Latané, Williams na Harkins walifanya majaribio ya watu kupiga makofi na kelele, wakaonyesha kwamba hata suala hilo likiwekwa kando, mtu akiamini yuko na wenzake hupunguza juhudi zake. Watafiti haohao miaka miwili baadaye wakaona kwamba mtu akijua mchango wake unaonekana kama wake, ule ulegevu unaondoka.

Kwa hiyo siku ya kwanza andikeni jedwali la majina, shughuli na tarehe, likae mahali ambapo wote wanaliona kila siku. Haliandikwi kwa ajili ya kumkomoa mtu. Linafanya jasho la kila mmoja lionekane.

#3 Mwaka wa mwisho

Mkuu, hapo kwenye jedwali umenigusa. Sisi tuko watano, mmoja haonekani. Simu hapokei, ujumbe anausoma na kunyamaza. Wasilisho ni wiki tatu zijazo. Je, tumwondoe jina?

#4 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, msianze na jina. Mmoja wenu, yule aliye karibu naye zaidi, amtafute ana kwa ana na amwulize kuna nini. Nimewahi kumhukumu mwanafunzi kwa kutoonekana, kumbe alikuwa anauguza. Nimekutana pia na wengine waliokuwa wanakwepa tu. Kutoka kwenye simu huwezi kuwatofautisha.

Akijitokeza, mpeni kazi ndogo, inayoonekana, yenye tarehe ya karibu. Kumwambia "utusaidie kwenye uchambuzi" hakumpi pa kuanzia. Mwambieni: "tengeneza grafu ya swali la nne la dodoso, Jumatano jioni tuione." Asipojitokeza, nendeni kwa msimamizi sasa hivi mkiwa na jedwali lenu na tarehe mlizomtafuta. Wiki tatu kabla, msimamizi ana la kufanya. Mkimwendea siku mbili kabla, hata kama mna haki, ataona kikundi kinachogombana.

Jambo moja zaidi: msimfedheheshe mbele ya jopo. Nimeona kikundi kikisema mbele ya watahini, "Fulani hakufanya chochote." Jopo liliacha kusikiliza mradi, likaanza kusikiliza ugomvi, na wote watano waliumia.

#5 Katibu wa kikundi

Hapa natofautiana nawe, mwanzisha uzi. Kumfichia mvivu mbele ya jopo ni kuwadhulumu waliokesha. Mimi nilifanya kazi za watu wawili muhula mzima, mwisho wa siku tukapata alama sawa. Nani alinitetea?

#6 Mwanzisha uzi

Uchungu wako una haki na sitaupuuza. Alama sawa kwa kazi isiyo sawa ni dhuluma. Vyuo vingine vina fomu ya wanakikundi kutathminiana kwa siri. Kama kwenu ipo, ijazeni kwa ukweli mtupu, bila huruma ya uongo. Kama haipo, msimamizi ndiye mlango wenu, kwa maandishi na mapema. Ninachokataa ni jukwaa pekee. Zile dakika 15 za kuwasilisha si zake wala si zako, ni za mradi.

#7 Katibu wa kikundi

Fomu kwetu haikuwepo. Na msimamizi alituambia "malizaneni wenyewe." Bado nadhani jopo lilipaswa kujua.

#8 Mwanzisha uzi

Nimekusikia. Msimamizi akijibu hivyo, sina jibu zuri la kukupa.

Niendelee na kipande cha pili, ambacho kwangu ndicho moyo wa jambo zima.

Kabla hamjafungua programu ya slaidi, fanyeni zoezi hili. Kila mwanakikundi achukue karatasi, na bila kumwuliza mwenzake aandike sentensi moja: *mradi wetu uliuliza nini, na tumepata jibu gani?* Kisha someni kwa sauti.

Vikundi vingi nilivyowafanyisha zoezi hili vilishtuka. Wa kwanza ameandika kuhusu mfumo, wa pili kuhusu tatizo la wanafunzi, wa tatu kuhusu teknolojia aliyoipenda, wa nne ameandika swali bila jibu. Wamekaa pamoja muhula mzima, na kila mmoja alikuwa na mradi wake kichwani.

Bishaneni hapo mpaka ipatikane sentensi moja ambayo wote mnaweza kuisema bila kusoma. Kwa mradi wetu wa zamani ingekuwa hivi: "Tuliuliza kama kuweka nafasi kwa simu kutapunguza msongamano wa vyumba vya kujisomea, tumegundua kwamba unapungua, ila watumiaji wapya wanakwama kwenye hatua ya kuthibitisha." Iangalieni vizuri. Lile swali la mtahini lilikuwa ndani yake. Kama tungekuwa na sentensi hiyo, yule mwenzetu wa utangulizi angejibu akiwa amefumba macho.

Sentensi hiyo ndiyo inayoamua slaidi ipi ibaki na ipi ing'olewe. Slaidi isiyosaidia kuuliza lile swali au kulijibu, itoeni, hata kama aliyeitengeneza alikesha nayo. Inauma, najua. Ihifadhini mwisho wa faili, baada ya slaidi ya shukrani. Jopo likiuliza, unairukia.

#9 Mchora grafu

Mwalimu, tuambie kuhusu slaidi basi. Ziwe ngapi? Maandishi kiasi gani?

#10 Mwanzisha uzi

Idadi isikusumbue sana. Kwa dakika 15, slaidi kumi hadi kumi na mbili zinatosha watu wengi, lakini nimeona kikundi kikitumia sita na kikang'ara.

La maandishi ndilo la kulishikia bango. Mtu hawezi kusoma na kusikiliza maneno yaleyale kwa kasi mbili tofauti. Atasoma haraka, akutangulie, kisha akungoje. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, amechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyojifunza kwa picha na maneno. Moja ya aliyoyaonyesha ni kwamba picha ikiambatana na maelezo ya sauti humfaa msikilizaji kuliko picha, sauti na maandishi yaleyale yote kwa pamoja. Kwa hiyo slaidi ionyeshe, wewe ueleze.

Kichwa cha slaidi kiwe jibu. "Matokeo" hakinielezi chochote. "Wengi walikwama kwenye hatua ya kuthibitisha" kinanieleza jambo kabla hujafungua mdomo, na grafu iliyo chini yake inakuwa ushahidi.

Msichukulie jambo hili kama la urembo. Chombo cha angani Columbia kilipoteketea Februari 2003 na watu saba ndani, bodi iliyochunguza ajali ilitaja katika ripoti yake slaidi moja iliyokuwa imetumika kuwaeleza wakubwa juu ya kipande cha povu la kuhami tangi la mafuta, kilichobanduka na kupiga bawa chombo kiliporuka. Kichwa cha slaidi kiliwapa matumaini. Jambo la kutia hofu, kwamba kipande kile kilikuwa kikubwa mno kuliko vile vilivyowahi kufanyiwa majaribio, lilizikwa mistari ya chini kwa maandishi madogo. Kama wahandisi wale walizika jambo kubwa kiasi hicho, sisi tutazika yetu tusipokuwa waangalifu.

Mengine kwa haraka. Herufi ziwe kubwa kiasi cha kusomwa na aliye kiti cha nyuma kabisa: nendeni ukumbini mkakae kule mjionee. Rangi nyekundu na kijani zisiwe ndizo pekee zinazotofautisha mistari ya grafu, kwa sababu wapo wasiozitofautisha. Na mtu mmoja, mmoja tu, apitie slaidi zote mwishoni ili ziwe na fonti moja na lugha moja. Slaidi zilizounganishwa usiku wa manane kutoka kompyuta sita zinajulikana kwa mbali.

#11 Mwaka wa mwisho

Mkuu, chuo chetu kinalazimisha kila mwanakikundi aongee. Tuko saba, dakika 15. Tunagawanaje?

#12 Mwanzisha uzi

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mawasilisho mengi yanapovuja.

Dakika 15 kwa watu saba haziwi dakika mbili na sekunde chache kwa kila mmoja. Kila mnapopokezana kuna hatua za kusogea, kuna kupeana rimoti, kuna "asante mwenzangu kwa maelezo mazuri." Hesabu sekunde kumi na tano kwa kila makabidhiano. Makabidhiano sita yamekula dakika moja na nusu. Ndiyo maana nawaambia mjipange kwa dakika 13, msiziguse zile mbili. Zitaliwa zenyewe.

Pili, msiwe na mafungu saba yanayolingana. Hadithi ina vipande vitatu au vinne: tatizo na swali, tulichofanya, tulichokuta, na maana yake. Ndani ya kipande kimoja wanaweza kusimama wawili, mmoja akieleza na mwenzake akionyesha mfumo unavyofanya kazi au akisoma grafu. Wote saba wameongea, lakini msikilizaji amesikia vipande vinne.

Tatu, na hili naomba mlishike: sentensi ya kukabidhi kijiti iandikwe na ikaririwe. Ndiyo sehemu pekee ya wasilisho ninayomwambia mtu akariri neno kwa neno. Mwaka 1973 mtafiti Malcolm Brenner aliwakalisha watu pamoja wakasoma maneno kwa zamu kwa sauti, kisha akawapima kumbukumbu. Maneno waliyoyakumbuka vibaya yalikuwa yale yaliyosomwa muda mfupi kabla ya zamu yao wenyewe. Akili ilishahamia kwenye zamu inayokuja. Ndivyo ilivyo pale mbele: wewe unayefuata humsikii mwenzako, unajisikia mwenyewe moyoni ukirudia mstari wako wa kwanza. Kwa hiyo mwenzako akiteleza akasema namba isiyo sahihi, wewe utasimama useme namba nyingine, na jopo litaona mnapingana.

Sentensi nzuri ya kukabidhi haisemi "sasa namkaribisha mwenzangu." Inaacha swali mlangoni: "Tumeona wanafunzi wanarudi bila kupata chumba. Je, tulijuaje kwamba tatizo ni foleni na si uchache wa vyumba?" Mwenzako anaingia kwa kulijibu. Hapo mshono hauonekani.

#13 Mwenye kigugumizi

Habari zenu. Nimesoma kimya kimya mpaka hapa. Nina kigugumizi. Wenzangu kwa nia njema wamesema nisimame tu, wao wataongea, nami mwishoni niseme "asante." Nimekubali, lakini usiku silali. Nimefanya nusu ya uchambuzi wa mradi huu.

#14 Mwanzisha uzi

Mwenzangu, asante kwa kuandika. Kama umefanya nusu ya uchambuzi, hakuna wa kuueleza kuliko wewe, na naamini kabisa jopo litataka kukusikia.

Nenda kwa msimamizi wiki hii, mweleze, omba jopo lijulishwe na muda wako uongezwe. Ombi hilo ni halali. Kisha kaa na wenzako uwaambie ulivyoniambia mimi. Chagueni sehemu unayoimiliki, na wakubaliane jambo moja: ukikwama, hakuna atakayekumalizia neno. Wangoje. Jopo pia litangoja.

#15 Mpita njia

Namwunga mkono. Mimi pia nina kigugumizi na niliwasilisha mwaka wangu wa mwisho. Nilianza kwa kusema: "Nina kigugumizi, naomba mnivumilie, maelezo yangu yatachukua muda kidogo." Baada ya kusema hivyo, ule mzigo wa kukificha ukaondoka. Nilikwama mara nyingi tu. Nilimaliza. Usikubali ile "asante" ya mwishoni, ndugu yangu.

#16 Mwenye kigugumizi

Nimesoma hili mara tatu. Kesho naenda kwa msimamizi.

#17 Mwanzisha uzi

Tuko nawe.

Niongeze neno kwa wenye hofu ya kawaida, maana mmenijazia sanduku la ujumbe. Savitsky na Gilovich mwaka 2003 walichapisha utafiti juu ya wanaozungumza mbele ya watu. Mzungumzaji hudhani hofu yake inaonekana wazi kuliko inavyoonekana kweli. Na waliodokezwa jambo hilo kabla ya kusimama walizungumza vizuri zaidi. Sasa nanyi mmedokezwa. Mikono inayotetemeka unaiona wewe, mimi niliyekaa mita tano mbele natazama grafu yako.

Sasa mazoezi. Mazoezi ya kukaa mezani na kusema "mimi hapa nitaeleza mbinu, halafu wewe utaendelea" hayahesabiki. Simameni, washeni projekta kama ipo, wekeni saa, ongeeni mpaka mwisho bila kusimamisha hata mkikosea. Fanyeni hivyo mara tatu angalau.

Mara ya kwanza mtazidisha muda vibaya sana, msiogope. Kateni.

Mara ya pili badilishaneni sehemu. Mwenye matokeo aeleze utangulizi, mwenye utangulizi aeleze matokeo. Mtababaika na kukwama, lakini saa hiyo moja ndiyo inayoua jibu la "hiyo sehemu si yangu." Utagundua papo hapo kipi hukijui, na mwenye nacho yupo chumbani akueleze. Nikiambiwa nichague zoezi moja tu kati ya yote niliyoandika kwenye uzi huu, nachagua hili.

Mara ya tatu mleteni mtu asiyesoma fani yenu. Elizabeth Newton, katika utafiti wake wa mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Stanford, aliwapa watu kazi ya kugongagonga meza kwa mapigo ya nyimbo zinazojulikana, wengine wabahatishe ni wimbo gani. Wagongaji walidhani nusu ya nyimbo zitatambuliwa. Kati ya nyimbo 120, zilitambuliwa 3. Anayegonga anausikia wimbo kichwani, anayesikiliza anasikia meza tu. Nanyi baada ya muhula mzima mnausikia wimbo wenu. Mgeni wenu ndiye atakayewaambia anasikia meza.

#18 Mchora grafu

Hili la kubadilishana sehemu linatisha, lakini muda hautoshi, mwalimu. Tuna mitihani mingine. Kila mtu kujua kila kitu haiwezekani.

#19 Mwanzisha uzi

Uko sahihi, na nilivyoliweka nimezidisha. Aliyeandika msimbo wa mfumo anajua mambo ambayo wengine hawatayajua kwa saa moja, na jopo halitegemei hivyo. Kinachohitajika kwa kila mmoja ni vitu vitatu kwa kila sehemu: tulifanya nini, kwa nini tulichagua hivyo na si vinginevyo, na tulipata nini. Kwa sehemu tano hayo ni majibu kumi na tano mafupi. Ukiulizwa zaidi ya hapo, anza kwa unachokijua, kisha mpe mwenzako: "Tulichagua dodoso kwa sababu watumiaji walikuwa wengi na muda mfupi, mwenzangu aliyelisimamia ataeleza jinsi tulivyolijaribu kwanza." Linganisha jibu hilo na lile langu la zamani. Wote wawili tumemgeukia mwenzetu, lakini huyu amejibu kwanza.

Katika maswali, mambo machache niliyoyaona nikiwa mezani:

Teueni mmoja wa kuyapokea maswali na kuyaelekeza. Bila yeye, ama wote mnanyamaza mkitazamana, ama watatu mnajibu kwa pamoja.

Mtahini akigusa udhaifu wa kweli, ukubalini mara moja na mseme mngefanya nini. "Ni kweli, waliojaribu walikuwa wanafunzi wa mwaka mmoja tu, kwa hiyo hatuwezi kusema hivyo kwa chuo kizima." Jibu la namna hiyo huwa linanituliza, najua naongea na mtu anayeielewa kazi yake. Anayetetea kila kitu hunifanya niendelee kuchimba.

Msipingane mbele yetu. Mwenzako akikosea jambo dogo, acha lipite. Akikosea jambo kubwa, mwongezee kwa upole: "Naomba niongeze hapo, namba sahihi iko kwenye slaidi ya nane." Ukimwambia "hapana, si hivyo" umemwangusha, na kikundi nacho.

Na wakati mwenzenu anaongea, mtazameni yeye au slaidi. Msinong'one, msitazame simu. Jopo linawaona wote muda wote.

#20 Mwaka wa mwisho

Vipi kuhusu vifaa? Sisi mwaka jana tulishuhudia kikundi kimepoteza dakika sita kwenye waya.

#21 Mwanzisha uzi

Hilo ni la kuandaa kimbele. Slaidi ziwe kwenye kompyuta mbili na flashi moja, na nakala ya PDF ili fonti na mpangilio visivurugike mkihamia kompyuta nyingine. Jueni projekta ya ukumbi inataka waya gani, mbebe na kiunganishi chake. Kama mnaonyesha mfumo ukifanya kazi, rekodini video fupi ya onyesho hilohilo. Intaneti ikigoma, mnacheza video na kuendelea kueleza kana kwamba ndivyo mlivyopanga. Ukitumia PowerPoint, kitufe cha B wakati slaidi zinaonyeshwa kinaifanya skrini iwe nyeusi, kinafaa unapotaka watu wakutazame wewe.

Kwa wanaowasilisha mtandaoni: mtu mmoja tu aendeshe slaidi za wote, na makabidhiano yawe kwa kutaja jina la anayefuata, maana hakuna anayemwona mwenzake akisogea.

#22 Kikundi cha wanne

Mwanzisha uzi, tumeusoma uzi wote kwa pamoja, tuko wanne hapa. Wasilisho letu ni siku tisa zijazo. Ripoti imeisha, slaidi tunazo 31. Tukianza na jambo moja usiku huu, lipi?

#23 Mwanzisha uzi

Slaidi msiziguse usiku huu. Chukueni karatasi nne, kila mmoja kona yake, andikeni ile sentensi: mliuliza nini, mmepata jibu gani. Dakika tano, bila kunong'onezana. Kisha someni. Mniletee mrejesho hapa.

#24 Kikundi cha wanne

Tumefanya. Sentensi nne, hakuna mbili zinazofanana. Mmoja wetu ameandika swali ambalo tuliliacha tangu mwezi wa pili wa mradi, kumbe hakuwahi kuambiwa.

Tumeanza kubishana. Tumekubaliana hatutoki humu ndani mpaka ibaki moja.

#25 Mwanzisha uzi

Bishaneni. Na aliyekuwa hajaambiwa ndiye awe wa kwanza kuisoma ile itakayobaki.